Injini Inaweza, Chumvi Haitaki

Tarehe 12 Novemba 1965, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville katika jimbo la Utah, Marekani, Bob Summers alijipenyeza ndani ya gari jembamba la rangi ya dhahabu alilolijenga California pamoja na nduguye Bill. Waliliita Goldenrod. Lilibeba injini nne za Chrysler zilizopangwa kwa mstari, moja nyuma ya nyingine, na magurudumu yote manne yalikuwa yakivuta. Siku hiyo lilipimwa likienda kilomita 658.67 kwa saa. Gari la injini ya pistoni, linalosukumwa na magurudumu yake lenyewe, halikuwa limewahi kufika hapo.

Ikapita miaka 26. Agosti 1991 fundi mwingine wa California, Al Teague, alikuja Bonneville na gari lake la injini moja yenye kilazimisha hewa, akaandikiwa kilomita 659.8 kwa saa. Ukitoa hesabu, dunia nzima ilisogea kwa kilomita moja na pointi katika zaidi ya robo karne.

Mtu anayefuatilia habari za magari anaweza kushangaa. Katika miaka hiyo injini hazikulala. Kompyuta ziliingia kwenye mfumo wa mafuta, turbo zikaboreka, vyuma vikawa vyepesi na vigumu zaidi, na kwa Teague injini moja ilifanya kazi ya nne za akina Summers. Nguvu ilikuwepo. Kilichokosekana ni mahali pa kuiweka, kwa sababu nguvu yote ya gari la namna hii lazima ipite kwenye vipande vichache vya mpira vinavyogusa ardhi, kila kimoja hakizidi sana kiganja cha mtu mzima, na ardhi yenyewe ni chumvi.

Bonneville ni mabaki ya ziwa kubwa la kale lililokauka. Kila majira ya baridi maji hufunika uwanda, na kiangazi yakishakauka huacha ukoko mweupe, tambarare, mgumu kiasi cha kubeba lori. Ukitazama kwa mbali utadhani ni saruji. Ukiinama na kuugusa unakuta ni chembe chembe, zina ubaridi na unyevu kidogo hata jua likiwa kali, kwa kuwa maji hayako mbali chini yake. Unyevu huo unasaidia kupoza tairi. Ukizidi kidogo, ukoko unalainika na tairi zinaanza kuchimba.

Kwenye lami kavu iliyo nzuri, tairi inaweza kusukuma kwa nguvu inayokaribia uzito ulioikalia. Kwenye chumvi inapata takriban nusu ya hiyo, na siku mbaya inapata pungufu zaidi. Hesabu fupi inatosha kuonyesha maana yake. Chukua gari la tani 2.5 linalovuta kwa magurudumu ya nyuma, na magurudumu hayo yamebeba tani 1.4. Kwa mshiko wa nusu, msukumo wote linaoweza kupata kutoka ardhini ni kama kilo 700. Gari hilo likiwa kwenye kasi ya kilomita 540 kwa saa, msukumo huo ni sawa na takriban nguvu za farasi 1,400, wala haupiti hapo. Injini ya turbo inayotoa zaidi ya nguvu za farasi 2,000 si ajabu tena Bonneville. Zile 600 na zaidi zinazobaki haziliongezei gari hata mita moja. Zinazungusha tairi bure.

Na kabla ya kufika huko hali ni ngumu zaidi. Gari hilo hilo likiwa kwenye kilomita 270 kwa saa, chumvi inakubali nusu tu ya nguvu hizo, yaani farasi 700. Dereva ana simba chini ya mguu wa kulia na kwa kilomita kadhaa za mwanzo hana ruhusa ya kumfungulia. Ndiyo maana magari haya hayaondoki kwa kishindo kama yale ya mashindano ya robo maili. Mengi husukumwa na pikapu kutoka nyuma mpaka yashike mwendo, kwa sababu gia zake ni ndefu mno na klachi isingestahimili, kisha dereva anaanza kukanyaga mafuta taratibu kama mtu anayebeba mayai.

Upande wa pili wa mizani kuna hewa. Upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi, na nguvu inayohitajika kuushinda huongezeka kwa mchemraba. Anayetaka kuongeza kasi kwa asilimia 10 anahitaji msukumo zaidi kwa asilimia 21 na nguvu ya injini zaidi kwa asilimia 33. Mafundi wanaweza kuzipata hizo asilimia 33 kwenye injini. Asilimia 21 za msukumo lazima zitoke kwenye chumvi, na chumvi haina turbo.

Kutokana na hayo Bonneville ina mambo yanayoonekana kinyume kwa anayetoka kwenye mbio nyingine. Duniani kote fundi wa magari ya mashindano hutoboa matundu kwenye vyuma ili kupunguza uzito. Hapa watu huongeza. Hupakia risasi na vyuma kwenye fremu, mamia ya kilo, ili tairi zikandamizwe. Kwa kuwa njia ni ndefu, kuchelewa kuchanganya mwendo si hasara kubwa kama kukosa mshiko. Bawa la kukandamiza gari lingesaidia pia, lakini bawa linakula hewa, na aliyelifunga anaweza kujikuta amenunua mshiko kwa bei ya kasi ile ile aliyokuwa akiitafuta.

Tatizo hili lina umri mrefu. Malcolm Campbell, Mwingereza aliyeitawala rekodi ya kasi katika miaka ya 1920 na 1930, alikuwa akikimbiza Blue Bird zake kwenye mchanga wa pwani ya Daytona, Florida, na mara kwa mara tairi za nyuma zilispini mpaka kasi iliyohesabiwa kwenye injini ikawa mbali na ile iliyopimwa njiani. Kwa gari la mwaka 1935, lililobeba injini ya ndege ya Rolls-Royce, aliweka magurudumu mawili mawili kila upande wa nyuma. Hata hivyo Daytona haikumtosha. Septemba mwaka huo alihamia Bonneville, akawa mtu wa kwanza kupita maili 300 kwa saa akiwa kwenye gari, yaani kilomita 484.6.

Aliyemfuata, George Eyston, alijaribu ukubwa. Gari lake Thunderbolt lilikuwa na injini mbili za Rolls-Royce, magurudumu manane na uzito wa karibu tani saba, na mwaka 1938 lilifika kilomita 575 kwa saa. Mwenzake John Cobb alipita njia nyingine. Mhandisi wake Reid Railton alimjengea gari la zaidi kidogo ya tani tatu, lenye injini mbili za ndege aina ya Napier Lion: moja ikivuta magurudumu ya mbele, nyingine ya nyuma. Kwa ujanja huo uzito wote wa gari ulitumika kusukuma, badala ya nusu. Septemba 1947 Cobb alifikisha wastani wa kilomita 634 kwa saa, na katika mojawapo ya safari zake mbili alipita maili 400.

Hizo safari mbili zinastahili maelezo. Ili rekodi ya dunia itambuliwe na shirikisho la kimataifa la magari, FIA, gari lazima lipite njia iliyopimwa kwenda na kurudi ndani ya saa moja, na wastani ndio unaohesabiwa. Sheria iliwekwa ili upepo na mteremko visimpendelee mtu. Lakini ina uchungu wake: unaporudi unapita juu ya chumvi uliyoivuruga mwenyewe dakika chache zilizopita, na injini uliyoitesa ndiyo hiyo hiyo. Mickey Thompson aliijua shida hiyo vizuri. Tarehe 9 Septemba 1960 gari lake Challenger, lenye injini nne za Pontiac, lilipimwa likienda maili 406.6 kwa saa, sawa na kilomita 654. Safari ya kurudi haikukamilika kwa sababu gari liliharibika, na rekodi hakuipata.

Donald Campbell, mtoto wa Malcolm, aliikuta chumvi mbaya kuliko wote. Bluebird yake ilikuwa na injini ya tabo, ile ya mtindo wa ndege, yenye nguvu za farasi zaidi ya 4,000 zilizogawanywa kwa magurudumu yote manne. Ilibuniwa kufika maili 500. Mwaka 1960 alipata ajali mbaya Bonneville. Gari likajengwa upya, likapelekwa Ziwa Eyre huko Australia, ambako kwa kawaida mvua huwa haba. Mvua ikanyesha. Alipopata nafasi yake tarehe 17 Julai 1964, chumvi ilikuwa na unyevu na magurudumu yaliacha mifereji yakipita. Saa zilionyesha maili 403.1 alipokwenda, na alipogeuka zikaonyesha 403.1 tena. Alishika rekodi, lakini alijua kwamba farasi wake wengi walikuwa wameishia kwenye matope ya chumvi.

Wakati huo huo, vijana wa Marekani walikuwa wameshaamua kuukwepa mgogoro wote. Craig Breedlove alichukua injini ya ndege ya kivita, akaifunga kwenye chombo cha magurudumu matatu, na mwaka 1963 akapita maili 407. Injini yake ilisukuma hewa nyuma. Magurudumu yalikuwa yanabingirika tu, hayavuti, kwa hiyo hapakuwa na suala la mshiko. Ndani ya miaka miwili na nusu, Breedlove alikuwa amepita maili 600. Njia hiyo ndiyo iliyomfikisha Andy Green kwenye kilomita 1,227.985 kwa saa katika jangwa la Black Rock, Nevada, Oktoba 1997, akiwa wa kwanza kuvunja kizuizi cha sauti ardhini kwa rekodi iliyotambuliwa. Ndiyo hiyo hiyo iliyoleta gari la Bloodhound kwenye bonde la Hakskeen, Afrika Kusini, mwaka 2019, baada ya mamia ya wenyeji kuokota kwa mikono maelfu ya tani za mawe ili kusafisha njia. Lilifika kilomita 1,010 kwa saa.

Magari ya jeti ni makubwa kwa vishindo na vichwa vya habari, lakini mtu anaweza kudai, bila kuwavunjia heshima waliohatarisha maisha ndani yake, kwamba ni ndege zilizokatazwa kupaa. Ugumu wa kiufundi wenye ladha zaidi ulibaki kwa wale waliokubali kusukuma kwa magurudumu.

Kwao, kifaa kinachozungumzwa sana sasa ni mfumo wa kudhibiti mshiko wa tairi. Si kitu kigeni kwa wasomaji wengi. Kwenye dashibodi ya magari mengi yanayoingia Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani kuna taa ndogo yenye mchoro wa gari lililoacha alama za kuyumba nyuma yake. Kwenye Toyota nyingi kuna kitufe karibu nayo kilichoandikwa TRC. Kazi yake barabarani ni ya unyenyekevu: tairi moja ikianza kuzunguka kuliko nyingine, kompyuta inaibana kwa breki au inapunguza nguvu ya injini mpaka itulie. Wengi hukikumbuka kitufe hicho siku gari linapokwama kwenye tope, kwa sababu hapo mfumo unaweza kukata nguvu wakati dereva anaihitaji, na fundi aliye jirani atasema, “Zima hiyo kwanza.”

Bonneville mambo ni yale yale kwa kanuni, tofauti kwa karibu kila undani.

Sensa hupima mzunguko wa gurudumu linalovuta, kompyuta inaulinganisha na kasi halisi ya gari. Gurudumu likikimbia kuliko gari, tofauti hiyo ndiyo utelezi. Si kila utelezi ni mbaya. Tairi haisukumi mpaka iteleze kidogo; isipoteleza kabisa haivuti kitu. Kuna asilimia kadhaa ambapo mshiko unafika kileleni, na ukizidisha hapo unaporomoka. Mfumo unataka kumweka dereva karibu na kilele hicho, asiporomoke upande wa pili.

Ukitaka kuona jambo lenyewe kwa macho, sogea kwenye hema la timu baada ya safari moja. Gari limevutwa kurudi, chumvi imeganda kwenye kila upenyo chini ya bodi, na mtu mmoja amechomeka waya wa kompyuta mpakato kwenye kisanduku kilicho nyuma ya kiti cha dereva. Kwenye kioo cha kompyuta kuna grafu yenye mistari miwili: gurudumu la mbele lisilovuta, na la nyuma linalovuta. Mwanzoni mistari imelaliana. Mahali fulani ule wa nyuma unanyanyuka, na ukivuta picha karibu unakuta, mathalani, gurudumu la mbele linasema kilomita 480 na la nyuma linasema 530. Hapo tairi zilikuwa zinateleza kwa asilimia 10, na mafuta yaliyochomwa kwa ajili ya nyongeza hiyo yalipotea. Kabla ya sensa, watu walilifanya zoezi hilo kwa kalamu: walichukua mizunguko ya injini, uwiano wa gia na kipimo cha tairi, wakapata kasi ambayo gari lingepaswa kuwa nayo, wakailinganisha na kasi iliyoandikwa kwenye karatasi ya muda. Walijua walichopoteza. Hawakujua walikipotezea wapi.

Kupima kunakuwa kazi gari linapovuta kwa magurudumu manne, kwa sababu hakuna gurudumu huru la kusema ukweli. Yote yanaweza kuteleza kwa pamoja na kompyuta ikaamini kwamba kila kitu ni salama. Timu hutafuta shahidi wa nje: setilaiti za GPS, au sensa za mchapuko zinazopima jinsi gari linavyosukumwa mbele. Shahidi huyo naye ana udhaifu. Tairi yenye kipenyo cha sentimita 70, gari likienda kilomita 720 kwa saa, inazunguka mara 91 kila sekunde. Kifaa cha GPS kinachotoa taarifa mara kumi kwa sekunde kinaliachia gurudumu mizunguko tisa kati ya taarifa moja na nyingine. Kwa injini kali, mizunguko tisa ni muda wa kutosha kuharibu mambo.

Halafu tairi yenyewe haikai na umbo moja. Kwa kasi hiyo kila gramu ya mpira iliyo ukingoni inavutwa kwenda nje kwa nguvu inayozidi kilo 11. Mpira unavimba, kipenyo kinaongezeka, na hesabu ya kompyuta inapotoka isiporekebishwa. Nguvu hiyo ndiyo sababu tairi za Bonneville hazina meno kama zile za lori la shamba, ambazo mtu angedhani ndizo zinazofaa mahali panapoteleza. Tabaka la mpira ni jembamba sana, karibu kama ngozi. Likinenepeshwa lingechanika na kuruka. Kwa hiyo njia rahisi ya kupata mshiko, yaani tairi nene yenye kashata, imefungwa na fizikia tangu mwanzo.

Kompyuta ikishagundua utelezi, ina njia kadhaa za kumtuliza farasi. Njia inayopendwa kwenye injini za petroli ni kuchelewesha cheche za plagi, au kuzima silinda moja moja kwa zamu, kwa sababu matokeo huja ndani ya mzunguko mmoja au miwili. Kukata mafuta ni hatari zaidi: injini ya turbo iliyo kwenye mzigo mkubwa ikikosa mafuta huku hewa ikiendelea kuingia inaweza kutoboa pistoni. Wengine hawangoji utelezi utokee. Wanaipangia kompyuta shinikizo la turbo lipande kidogo kidogo kadiri gari linavyozidi kukimbia, wakifuata hesabu ile ile ya farasi 700 na farasi 1,400. Mpango wa namna hii hauoni kitu wala hausahihishi kosa, lakini mara nyingi ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi, na fundi mzuri huubadilisha kila asubuhi kulingana na chumvi alivyoikuta.

Jambo moja mara nyingi husahaulika katika mazungumzo haya, nalo linahusu uhai kuliko rekodi. Mshiko wa tairi ni kama mshahara mmoja unaolipa kodi ya nyumba na chakula: kinachokwenda kwenye kusukuma mbele kinatolewa kwenye kushikilia upande. Tairi inayospini imeutumia wote. Ukija upepo wa ubavuni wakati huo, au gurudumu moja likipita kwenye kipande chenye unyevu, nyuma ya gari inaanza kutangulia, na gari lenye umbo la sindano likikaa ubavu kwa kasi hiyo hewa inaweza kulinyanyua. George Poteet, Mmarekani aliyekuwa na gari la Speed Demon, alinusurika mwaka 2014 gari lake lilipobingirika likiwa kwenye kasi ya karibu kilomita 600 kwa saa. Alirudi na jipya. Agosti 2020, katika Wiki ya Kasi, mashindano ya kila mwaka ya Bonneville, akaandikiwa kilomita 756 kwa saa.

Je, ni haki kompyuta kufanya kazi ya mguu wa dereva? Mashindano mengine yameliuliza swali hili kwa miaka. Formula 1 iliupiga marufuku mfumo huu mwaka 1994, ikauruhusu tena wakati wa msimu wa 2001, kisha ikaufuta kuanzia mwaka 2008, sababu mojawapo ikiwa kwamba watazamaji wanataka kuona nani anajua kuendesha. Bonneville ina tabia yake. Wiki ya Kasi, ambayo tangu 1949 kwa kawaida hufanyika Agosti, haina zawadi ya fedha; anayevunja rekodi akiwa kwenye kasi ya zaidi ya maili 200 kwa saa hupata uanachama wa klabu na kofia nyekundu. Wengi wanaokuja ni mafundi wa gereji, wastaafu, baba na binti zake. Kwao sehemu ya utamu ni kwamba mtu mwenye masikio mazuri na kisigino chepesi anaweza kumshinda tajiri. Wenye kupenda vifaa nao wanajibu kwamba magurudumu manne yanayovuta ya Cobb yalikuwa msaada wa mhandisi kwa dereva, na hakuna aliyelalamika.

Hoja zote mbili zina uzito, lakini zinaelekea kuipa kompyuta sifa kuliko inavyostahili. Mfumo huu hauongezi mshiko hata chembe. Chumvi ikitoa kilo 700 za msukumo, gari lenye kompyuta bora kabisa litapata kilo 700 na gari la mguu wa Al Teague siku aliyoamka vizuri litapata karibu hizo hizo. Tofauti ni siku mbaya, na zile sehemu za sekunde ambazo mguu wa binadamu haujui bado kwamba kuna kosa.

Ushahidi upo. Don Vesco, mwaka 2001, alifika kilomita 737 kwa saa kwa gari la Turbinator, lenye injini ya tabo iliyotoka kwenye helikopta na magurudumu manne yanayovuta. Injini ya namna hiyo haina plagi za kuzimwa moja moja, wala haipandi na kushuka upesi. Mwendo wake mlaini wenyewe ndio ulioisaidia tairi. Danny Thompson, mtoto wa Mickey, alilifufua gari ambalo baba yake alilijenga mwaka 1968 na ambalo mvua ililizuia kukimbia. Aliliwekea injini mbili za nitro, moja mbele na moja nyuma, na Agosti 2018 akapata wastani wa kilomita 722. Hakuna kati yao aliyefika pale kwa sababu ya kisanduku kimoja cha umeme.

Mahali ambapo udhibiti huu unafanya maajabu ya kweli ni kwenye magari ya umeme. Mota ya umeme inatii amri ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, haina mafuta ya kupungukiwa wala shinikizo la turbo la kungoja lishuke. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, wakishirikiana na kampuni ya Venturi ya Monaco, walijenga gari refu la betri lenye mota mbele na nyuma, na Septemba 2016 lilifikisha wastani wa takriban kilomita 549 kwa saa Bonneville. Rekodi ya kwanza kabisa ya gari kupita kilomita 100 kwa saa, iliyowekwa na Mbelgiji Camille Jenatzy karibu na Paris mwaka 1899, ilikuwa ya gari la umeme pia. Yeye alikaa wazi juu ya gari kama mtu aliyepanda farasi, na nguvu yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba mshiko haukumsumbua.

Kinachowasumbua wa sasa ni kwamba chumvi yenyewe inapungua. Kwa miongo mingi viwanda vya potashi vimevuta maji ya chumvi kutoka kwenye uwanda, na ukoko umekuwa mwembamba. Wiki ya Kasi ilifutwa mwaka 2014 na 2015, kisha tena 2022, kwa maji au kwa uso usiofaa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kumekuwa na mpango wa kurudisha maji ya chumvi kwa pampu kila majira ya baridi, na wanamichezo wanasema hautoshi. Njia zilizokuwa ndefu zimefupishwa. Gari linalopewa kilomita chache za kuchanganya mwendo linalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi tangu mwanzo, juu ya chumvi dhaifu zaidi, na timu zinazopanga kupita maili 500 kwa magurudumu sasa zinatuma watu kupima unene wa ukoko kabla ya kuamua kupakia gari kwenye trela.